Wapiga Jazi Katika Riwaya: Kifo, Kazi na Msikilizaji

Kati ya mambo yaliyo magumu kuandika, muziki ni mojawapo. Mwandishi anaweza kutuonyesha sura ya mtu, nyumba yake, nguo zake na hata mawazo yake, lakini akitaka tusikie tarumbeta hana ila maneno, na maneno hayapulizwi. Pamoja na ugumu huo, muziki wa jazi umewavuta waandishi wa hadithi kwa muda wa miaka mia moja sasa. Katika kurasa hizi napenda kutazama jinsi walivyowaandika wapigaji wa muziki huo, kwani naona kwamba ndani ya vitabu hivyo limo swali linalotuhusu hata sisi: mwanamuziki akiisha kufa, ni nani mwenye haki ya kuyasimulia maisha yake, na asimulie nini?

Kwanza nieleze neno lenyewe, maana kwetu lina historia ya pekee. Wengi wetu wa Afrika Mashariki tulilijua neno jazi kama jina la bendi kabla ya kuujua muziki wa Marekani uliolizaa. Tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Kilwa Jazz, na kule Kongo ilikuwapo OK Jazz ya Franco iliyoanzishwa mwaka 1956. Bendi hizo zilipiga rumba, cha-cha na mitindo yake zenyewe. Neno Jazz lilimaanisha tu kwamba hii ni bendi ya kisasa, yenye magitaa na ala za kupuliza. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyozaliwa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, karne ya 20 ilipokuwa inaanza. Waliizaa Wamarekani weusi kutokana na nyimbo za bluzi, nyimbo za kanisani, dansi za mjini na bendi za matarumbeta zilizosindikiza maiti makaburini. Sifa yake kubwa ni kwamba mpigaji hutunga papo hapo, mbele ya watu, kama malenga anayejibizana na mwenzake ukumbini. Akimaliza, alichotunga kimekwenda zake, isipokuwa kama palikuwa na chombo cha kukinasa.

Santuri ya kwanza ya jazi ilitoka mwaka 1917, na waliopiga walikuwa Wazungu watupu, bendi iliyojiita Original Dixieland Jass Band. Haukupita muda mrefu neno hilo likaingia vitabuni. Mwaka 1922 F. Scott Fitzgerald alitoa mkusanyo wa hadithi fupi aliouita Tales of the Jazz Age, yaani hadithi za zama za jazi, na jina hilo likabaki kuwa jina la muongo mzima. Lakini ukiwatafuta wapigaji wenyewe ndani ya vitabu vyake, utawapata kwa shida. Katika riwaya yake ya mwaka 1925, The Great Gatsby, kuna sherehe kubwa ya usiku, bustani imejaa taa na wageni, na bendi nzima imekodiwa. Kiongozi wa bendi anatangaza kipande kirefu kinachodaiwa kueleza historia ya jazi ya dunia, kazi ya mtunzi wa kubuni mwenye jina la Kirusi. Tunangoja kuambiwa kilivyosikika. Msimulizi anasema kwamba hakukishika, kwa kuwa kilipoanza tu macho yake yalimwangukia Gatsby amesimama peke yake ngazini. Basi muziki ulipigwa, na aliyekuwapo kutusimulia hakuusikia. Wapigaji wale hatujui hata mmoja wao alikuwa nani, ana watoto wangapi, wala alirudije nyumbani usiku ule.

Msikilizaji wa pili ninayetaka kumtaja alisikiliza kwa bidii zaidi. Huyo ni Antoine Roquentin, mhusika mkuu wa riwaya ya Mfaransa Jean-Paul Sartre, La Nausée, iliyotoka mwaka 1938. Roquentin ni mtu aliyechoshwa na kuwapo kwake duniani hadi anahisi kichefuchefu. Kitu kimoja humpa nafuu: santuri ya zamani katika mkahawa mmoja, sauti ya mwanamke ikiimba Some of These Days. Mwishoni mwa kitabu anawaza juu ya waliotoa wimbo ule. Anamwona Myahudi wa New York akiutunga kwenye joto kali, na mwanamke mweusi akiuimba, na anaona kwamba hao wawili wameokolewa na wimbo wao. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Aliyetunga wimbo huo, mwaka 1910, ni Shelton Brooks, mtu mweusi mzaliwa wa Kanada. Aliyeuvumisha kwa kuuimba ni Sophie Tucker, mwanamke mweupe wa Kiyahudi. Unaweza kusema kwamba kosa ni la mhusika na si la mwandishi, na kwamba hadithi ya kubuni haina deni kwa mtu. Lakini tazama lililotokea: wimbo umemwokoa msikilizaji, na msikilizaji naye amewatungia wenye wimbo nafsi nyingine. Mtu mweusi aliyekaa akatunga maneno na sauti ameondolewa pale, na nafasi yake kapewa mwingine.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo waandishi wa jazi wameipenda kuliko zote. Sisi tunao msemo kwamba ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Kana kwamba waliusikia msemo huo, waandishi wengi wameugeuza kuwa riwaya: kijana maskini mwenye kipaji cha ajabu, sifa za haraka, pombe au madawa, kisha kifo cha mapema. Aliyeifungua njia hiyo ni Dorothy Baker, kwa riwaya yake Young Man with a Horn ya mwaka 1938. Alieleza mwanzoni kwamba kilichomvutia ni muziki wa Bix Beiderbecke, na kwamba hakuandika maisha yake. Beiderbecke, mpiga koneti, ambayo ni ndugu mdogo wa tarumbeta, alikuwa kijana wa Kizungu kutoka Iowa aliyefariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 28, pombe ikiwa imemharibu. Onyo la mwandishi halikusaidia sana. Wasomaji walimwona Beiderbecke tu, na mwaka 1950 hadithi hiyo ikawa filamu. Tangu hapo sura ya mpiga jazi vitabuni ikakaa hivyo: mtu wa kuhurumiwa, aungue haraka, na sisi tuote moto wake.

Kasoro ya hadithi hiyo si kwamba ni ya uongo. Wengi walikufa hivyo kweli. Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyeibadilisha jazi katika miaka ya 1940, alifariki New York tarehe 12 Machi 1955, baada ya miaka mingi ya heroini na pombe. Alikuwa na umri wa miaka 34, na daktari aliyeuona mwili wake alikisia kwamba ni mtu wa miaka 50 hadi 60. Kasoro ninayoiona ni kwamba hadithi hiyo inaacha kazi. Parker huyohuyo, katika mahojiano ya redio mwaka 1954, alieleza kwamba kwa muda wa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi kwa saa 11 hadi 15 kila siku. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, hizo ni saa ngapi kwa mwaka. Fundi seremala akitengeneza kitanda kizuri tunasema amejifunza ufundi. Mpiga saksafoni akipiga vizuri tunasema ameteseka. Nani alisema kwamba mateso hufundisha vidole? Parker mwenyewe alikuwa akisema kwamba mtu anayedhani atapiga vizuri zaidi kwa kutumia madawa anajidanganya. Lakini mateso yanasomeka haraka, na mazoezi hayasomeki, na kwa hiyo waandishi wengi wameyachukua mateso wakayaacha mazoezi.

Miaka minne baada ya kifo cha Parker, Mwajentina Julio Cortázar, aliyekuwa akiishi Paris, alitoa hadithi ndefu iitwayo El perseguidor, yaani mfuatiaji, na kuitabaruku kwa herufi za jina la Parker. Kwa juujuu ni hadithi ileile: Johnny Carter, mpiga saksafoni mweusi mjini Paris, ameisahau ala yake ndani ya treni ya chini kwa chini, hana fedha, ni mgonjwa, anazungumza mambo yasiyoeleweka kuhusu wakati, jinsi anavyoweza kuwaza mambo ya robo saa nzima kati ya kituo kimoja na kingine. Lakini Cortázar amefanya jambo la werevu. Msimulizi wake ni Bruno, mhakiki wa muziki ambaye ameandika kitabu kuhusu Johnny, na kitabu kinauzwa vizuri. Siku moja Johnny anamwambia kwamba kitabu ni kizuri, ila aliyesahauliwa ndani yake ni yeye Johnny mwenyewe. Bruno anaumia. Je, atakirekebisha? Anafikiri sana, kisha anaamua kukiacha kilivyo, maana wasomaji wamekipenda. Johnny anapokufa, Bruno anawahi kuongeza taarifa ya kifo na picha kabla ya chapa ya pili. Wahenga walisema kufa kufaana, na sijapata kuona msemo huo ukitendeka waziwazi kuliko hapo. Cortázar amemshitaki mwandishi, na kwa kuwa yeye naye ni mwandishi aliyefaidika na maisha ya mtu aliyekufa, amejishitaki pia. Ndiyo sababu hadithi yake naiheshimu.

Kesi iliyo ngumu kuliko zote ni ya Buddy Bolden. Alizaliwa New Orleans mwaka 1877, akapiga koneti, na wanamuziki wazee wa mji ule wamemtaja kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kupiga muziki ambao baadaye uliitwa jazi. Mwaka 1907, kabla hajafikisha miaka 30, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo la Louisiana. Alikaa humo miaka 24, hadi alipokufa mwaka 1931, mwaka uleule wa Beiderbecke. Hakuna santuri yake hata moja iliyobaki. Inajulikana picha moja tu aliyopigwa na wenzake wa bendi. Alizikwa kaburini pasipo alama, na mahali hasa alipolala pamepotea.

Mtu wa namna hiyo ni kishawishi kikubwa kwa mwandishi, kwani pale pasipo na kumbukumbu kila kitu chaweza kuingia. Mwaka 1939 kitabu cha historia kiitwacho Jazzmen kilieleza kwamba Bolden alikuwa kinyozi, na kwamba alihariri gazeti la udaku liitwalo The Cricket. Mwaka 1976 Michael Ondaatje, mzaliwa wa Sri Lanka anayeishi Kanada, alitoa riwaya yake Coming Through Slaughter, na humo tunamwona Bolden katika duka la kinyozi, wembe mkononi, akikusanya habari za mjini kwa ajili ya gazeti lake. Ni kurasa zenye nguvu sana. Miaka miwili baadaye mtafiti Donald Marquis, baada ya kupekua kumbukumbu za polisi, za makanisa na vitabu vya anwani vya mji, alitoa kitabu chake akionyesha kwamba Bolden hakuwa kinyozi wala mhariri wa gazeti lolote.

Je, riwaya hiyo tuitupe? Mimi sisemi hivyo. Ondaatje hakujificha. Karibu na mwisho anajitokeza mwenyewe, anatazama ile picha moja, na anaeleza kwamba kilichomvuta ni kuona kwamba Bolden alipatwa na wazimu akiwa na umri kama wake yeye. Anatuambia waziwazi kwamba anachokitafuta humo ni sehemu ya nafsi yake. Msomaji akishaambiwa hivyo hana haki ya kusema alidanganywa. Lakini bado pana deni. Mwanamume aliyekaa hospitalini miaka 24 bila kusikika, hakupata nafasi ya kujibu neno lolote lililosemwa juu yake. Marquis alimrudishia tarehe zake, anwani zake na mama yake aliyeitwa Alice. Haya ni mambo madogo, na hayasisimui, ila ni yake.

Tukigeukia waandishi weusi wa Marekani tunakuta hali nyingine, na sababu yake ni rahisi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwao mpigaji ni mjomba, ni shangazi, ni jirani wa ghorofa ya juu. Langston Hughes, katika riwaya yake Not Without Laughter ya mwaka 1930, anatuweka katika nyumba ya bibi mmoja mcha Mungu huko Kansas, ambaye kwake bluzi na dansi ni kazi ya Shetani. Binti yake Harriett anaikimbia nyumba hiyo na hatimaye anakuwa mwimbaji. Ugomvi huo tunaujua. Nyumba ngapi kwetu zimewahi kumfukuza kijana kwa sababu ya gitaa? Mwisho wake ni mzuri: ni yuleyule Harriett, kwa fedha ya kuimba, anayesimama kidete ili mpwa wake asiache shule.

Ralph Ellison alijifunza tarumbeta na kusomea muziki chuoni Tuskegee kabla ya kuwa mwandishi. Riwaya yake Invisible Man ya mwaka 1952 inaanza na mtu asiye na jina, aliyejificha katika chumba cha chini kilichowashwa taa 1,369, akisikiliza santuri ya Louis Armstrong. Wimbo ni Black and Blue, ambao Armstrong aliurekodi mwaka 1929, wenye kuuliza kwa uchungu kosa la mtu mweusi ni lipi. Mtu huyo ana gramafoni moja, lakini anataka ziwe tano zote zilie pamoja, ili ausikie wimbo kwa mwili wake mzima. Huyu ni msikilizaji tofauti kabisa na yule wa kwenye bustani ya Gatsby. Anataka kuingia ndani ya sauti, na anapoingia anakuta humo vizazi vilivyomtangulia. Na wimbo huo haukubaki kitabuni. Armstrong aliuimba Accra mwaka 1956 mbele ya Kwame Nkrumah, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Ghana. Na mwaka 1960 alizunguka Afrika akapiga Leopoldville, Elisabethville na Nairobi, miji ambayo vijana wake walikuwa wakiunda bendi zao wenyewe zenye jina la Jazz.

Lakini kama ningeambiwa nichague hadithi moja tu, ningechagua Sonny's Blues ya James Baldwin, ya mwaka 1957. Msimulizi ni mwalimu wa aljebra huko Harlem, mtu mwenye heshima zake. Anasoma gazetini kwamba mdogo wake Sonny, mpiga piano, amekamatwa kwa heroini. Hapo ungedhani tunarudi kwenye ngoma ivumayo. Baldwin anakwenda kwingine. Anaturudisha nyuma, Sonny akiwa kijana, anapomwambia kaka yake kwamba anataka kupiga jazi, na kaka anamtaja Louis Armstrong kwa sababu ndiye pekee anayemjua. Charlie Parker hajapata kumsikia. Halafu tunaona jambo ambalo riwaya nyingi zimeliacha: mazoezi. Sonny anakaa kwa wakwe wa kaka yake, na piano inalia tangu asubuhi hadi usiku, siku nenda siku rudi, hadi watu wa nyumba ile wanaona kama wanaishi na sauti tu na si na mtu. Wanachoka, na wanaogopa kumkataza.

Mwishoni kaka anakwenda kwenye kilabu kumsikiliza Sonny kwa mara ya kwanza. Kiongozi wa bendi, mzee aitwaye Creole, anapiga besi na kumwita Sonny kwa muziki aingie kwenye kina. Mwanzoni Sonny anasitasita, vidole vimekaa mwaka mzima bila kinanda. Kisha anapata njia. Na kaka, ambaye mtoto wake mdogo wa kike amekufa kwa polio, anasikia ndani ya muziki ule msiba wake mwenyewe, na wa wazazi wake, na anamwelewa ndugu yake. Anamwagizia kinywaji, nacho kinawekwa juu ya piano. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa maana ya kinywaji kile. Sisi katika taarabu na dansi tunajua kutunza: msikilizaji anainuka, anakwenda mbele, anampa mwimbaji kitu mkononi, kumwambia kwamba hayo uliyoyasema ni yangu pia. Kaka yule amemtunza ndugu yake, na kumtunza mtu ni kukubali kwamba amefanya kazi.

Toni Morrison, katika riwaya yake Jazz ya mwaka 1992, alikwenda mbali zaidi akamwacha mwanamuziki kabisa. Wahusika wake ni watu wa kawaida wa Harlem ya mwaka 1926, mke, mume na msichana aliyeuawa, na muziki unaingia kwa madirishani. Jazi imo katika namna ya kusimulia, sauti ikichukua habari, ikiigeuza, ikimwachia nyingine. Wasikilizaji ndio waliopewa kitabu kizima.

Nikivipima vitabu hivi vyote, naona kipimo ni kimoja. Mwandishi ana ruhusa ya kubuni, na bila kubuni hakuna riwaya. Ila aonyeshe kazi ya mpigaji, wala asitosheke na kifo chake. Na aseme wazi yeye amesimama wapi anaposikiliza. Fitzgerald hakusikiliza. Roquentin alisikiliza akawatungia wenye wimbo nafsi nyingine. Bruno alijua ukweli akauficha kwa ajili ya mauzo. Kaka yake Sonny alifika kilabuni, akakaa kimya pembeni, akasikia.

Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo na mwimbaji aliyeipatia Morogoro Jazz sifa yake kubwa kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Alikuwa na umri wa miaka 34, sawasawa na Charlie Parker. Atakayemwandikia riwaya atashawishika kuanzia pale barabarani, kwenye ajali. Mimi ningemsihi aanzie kwenye gitaa: kijana amekaa na nyuzi sita, kidole kinauma, watu wa nyumbani wamechoka na kelele, naye anarudia kipande kilekile kwa mara ya mia, kwa sababu bado hakijakaa sawa.